Grafu Imepotea, Duara Limekuwa Yai: Kutafuta Kosa Kwenye Mipangilio ya Programu za Grafu

"Mwalimu, yangu haitoi kitu." Kila nikifundisha grafu kwa kompyuta, lazima sentensi hiyo isikike kutoka nyuma ya darasa kabla dakika kumi hazijaisha. Nikifika kwenye kiti cha mwanafunzi, mara nyingi nakuta mlinganyo wake uko sawasawa, alama kwa alama. Programu nayo imechora alichoiambia. Imekichora tu mahali ambapo dirisha halitazami.

Naandika hasa kuhusu GeoGebra, programu ya kuchora grafu na jiometri aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, kwa sababu ndiyo ninayoitumia darasani. Pale Desmos (ya kwenye kivinjari), gnuplot (ya kuandika amri) au Matplotlib (ya wanaotumia lugha ya Python) zinapokwenda njia nyingine nitasema. Tafuta dalili yako, nyingine ruka.

Kwanza, iulize fankisheni

Kabla hujagusa mpangilio wowote, iulize fankisheni thamani yake. Kama umeandika f(x) = x^2 + 50, andika mstari wa pili f(2). Jibu likija 54, fankisheni ni nzima na kosa liko kwenye kuonyesha. Jibu likija namba nyingine, au ikija alama ya kuuliza, achana na mipangilio, rudi ukague ulichoandika. Kwenye gnuplot amri ni print f(2).

Ni kazi ya sekunde tano, na watu hawaifanyi. Nimeona mwalimu mzima akifuta mlinganyo sahihi mara nne, akiuandika upya vilevile mara nne, huku akiilaumu kompyuta.

Dalili: gridi ipo, grafu haipo

Programu hizi hufunguka zikiwa zimetazama eneo dogo kuzunguka sifuri. Kwa Desmos na gnuplot mhimili wa x huanzia −10 hadi 10, na GeoGebra haiko mbali na hapo. Sasa ile x^2 + 50 kitako chake kiko kwenye 50. Ipo hai, imekaa juu ya paa, wewe unachungulia sebuleni.

Unaweza kuvuta mbali kwa gurudumu la kipanya mpaka ionekane, lakini hiyo ni njia ya kubahatisha, na ukizidisha kila kitu kinakuwa kijidoa. Afadhali uiambie programu mipaka unayotaka. Kwenye GeoGebra fungua alama ya gia upande wa mchoro, utakuta visanduku vinne vya thamani ndogo na kubwa za x na y. Asiyependa visanduku aandike amri moja kwa moja kwenye sehemu ya kuandikia:

ZoomIn(-10, -10, 10, 100)

Mpangilio wake ni x ndogo, y ndogo, x kubwa, y kubwa. Watu huchanganya hapo, wakidhani x zote mbili hutangulia. Kwenye Desmos visanduku hivyo viko chini ya alama ya spana. Kwenye gnuplot ni set xrange [-10:10] na set yrange [0:150].

Ipo pia amri ya kuonyesha vitu vyote, utaipata ukibofya kulia mahali patupu. Naiamini kwa nukta na maumbo. Kwa fankisheni, ambayo mstari wake hauna mwisho, napendelea kuweka mipaka mwenyewe.

Mipaka ikiwa sawa na bado huoni kitu, angalia kiduara cha rangi pembeni ya mlinganyo. Kwenye GeoGebra na Desmos kiduara hicho ni swichi, na kidole kikikigusa kwa bahati mbaya grafu inafichwa bila ujumbe wowote. Halafu angalia fankisheni inaanzia wapi. sqrt(x - 20) haina kitu chochote kabla ya 20, kwa hiyo dirisha linaloishia 10 litakuwa tupu na programu haina kosa.

Ukipotea kabisa hata mihimili hujui iko wapi, kwenye GeoGebra Classic bonyeza Ctrl na M, utarudishwa mwanzo. Kwenye Desmos bofya alama ya nyumba.

Gnuplot ina ugonjwa ulio kinyume na huu. Yenyewe hunyoosha mhimili wa y mpaka kila kitu kienee, kwa hiyo grafu haipotei, ila inabanwa. Andika plot exp(x), x**2 uone (exp(x) ni e^x, na ** ni alama ya kipeo). Kwenye x = 10 fankisheni ya kwanza imefika zaidi ya 22,000 na ya pili iko 100 tu. Parabola yako italala juu ya mhimili kama uzi. Weka set yrange [0:100], au kama unataka kuona zote mbili kwa heshima, set logscale y, inayoupa mhimili wa y vipimo vya logi.

Dalili: nukta zote zimekwama pembeni, na mlinganyo unaanza na sifuri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa matatu hufuatana na kila moja hujificha nyuma ya jingine.

Mfano ninaoupenda ni sensa za Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja. Idadi ya watu kwa milioni ilikuwa 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Mwanafunzi anaingiza nukta kama zilivyo: (1967, 12.3), (1978, 17.5) na kuendelea.

Kosa la kwanza tumeshaliona: skrini tupu, kwa kuwa 1967 iko mbali mno na 10. Anavuta mbali. Anavuta tena. Mwishowe nukta zinaonekana, na ndipo kosa la pili linapoingia. Ametoka sifuri mpaka 2022 kwa mhimili mmoja, kwa hiyo miaka 55 yenye habari imebanwa kwenye upana usiofika asilimia tatu ya skrini. Nukta sita zinaonekana kama mbili. Dawa ni kulifunga dirisha kwenye data yenyewe: ZoomIn(1960, 0, 2030, 70). Hakuna sheria inayosema mhimili wa x lazima uonyeshe sifuri. Wa y ninaubakiza na sifuri hapa, kwa kuwa tunapima wingi wa watu, na ukiukata chini ongezeko litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Kisha anataka mchirizo wa ukuaji upite kwenye nukta. Anatumia FitExp, amri ya GeoGebra ya kazi hiyo, programu inamjibu kitu kama 0 e^(0.03x). Sifuri mara chochote ni sifuri, mbona mchirizo uko juu?

Sifuri hiyo si sifuri. GeoGebra huonyesha desimali mbili usipoiambia vingine. Kwa kuwa x ni mwaka mzima wa kalenda, namba ya mbele lazima iwe ndogo ajabu ili kusawazisha e iliyopandishwa kwa kipeo cha karibu 57. Ni namba yenye sifuri zaidi ya ishirini baada ya nukta. Programu inaijua, ila haina nafasi ya kukuonyesha.

Nenda kwenye mipangilio ya jumla, tafuta ukadiriaji wa desimali, chagua tarakimu muhimu badala ya idadi ya desimali. Namba itajitokeza. Lakini dawa yenyewe hasa ni kuhesabu miaka tangu 1967, yaani nukta ziwe (0, 12.3), (11, 17.5), (21, 23.1), (35, 34.4), (45, 44.9) na (55, 61.7). Sasa unapata karibu 12.5 e^(0.029x), mlinganyo ambao mtu anaweza kuusoma: tulianzia hapa, tunakua karibu asilimia tatu kwa mwaka.

Na usinakili 0.03 kutoka kwenye skrini kwenda kwenye daftari. Ndani ya programu namba ni kamili, kwa hiyo mchoro ni sahihi. Ukiikadiria mwenyewe kuwa 0.03 kisha ukakokotoa mwaka 2022 kwa kalamu, utapata watu milioni 65 badala ya karibu 61 za programu. Umeongeza watu zaidi ya milioni 3 kwa kukadiria desimali moja.

Wanaotumia Matplotlib na kuingiza namba nzima, 61741120 kwa mfano, watakutana na ndugu wa kosa hili: mhimili unaandika 1, 2, 3 mpaka 6, na juu kabisa pembeni kuna 1e7 ndogo ambayo hakuna anayeiona. Ama ugawe kwa milioni kabla ya kuchora, kama nifanyavyo, ama uandike ax.ticklabel_format(style='plain', axis='y').

Dalili: duara limekuwa yai

Umeandika x^2 + y^2 = 25, imetoka kama yai la bata. Au umechora mistari miwili yenye mteremko 2 na −1/2, ambayo lazima ikutane kwa pembe mraba, ikakutana kama mkasi.

Kizio kimoja cha mhimili wa x hakina urefu sawa na kizio kimoja cha y kwenye skrini. Kwa simu na kompyuta za kugusa, chanzo cha kawaida ni kidole: ulitaka kusogeza mchoro, kidole kikatua juu ya mhimili wenyewe, na kuburuta mhimili maana yake ni kuunyoosha huo peke yake. Chanzo kingine ni wewe mwenyewe, pale juu, ulipoandika mipaka ya −10 hadi 10 kwa x na −10 hadi 100 kwa y.

GeoGebra: bofya kulia mahali patupu, utaona uwiano xAxis : yAxis, chagua 1:1. Matplotlib: ax.set_aspect('equal'). Gnuplot: set size ratio -1, na ile alama ya kutoa ni ya lazima, kwa sababu set size ratio 1 hufanya fremu ya mchoro kuwa mraba bila kujali vizio. Desmos ina kitufe cha kusawazisha mihimili kwenye mipangilio yake.

Ila usigeuze 1:1 kuwa dini. Kwa maduara, pembe, miteremko na mageuzi kama vile mzunguko na akisi, ndiyo, sawazisha. Kwa sensa hapo juu, ukisawazisha umeharibu: mwaka mmoja na watu milioni moja havina sababu yoyote ya kuwa na urefu sawa. Kwa sin katika digrii, ambako x inakwenda mpaka 360 na y haivuki 1, usawa utakupa mstari bapa. Ndiyo dalili inayofuata.

Dalili: wimbi la sin limekuwa zulia, au limekuwa mstari

Hizi ni pande mbili za kosa moja.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne amezoea jedwali la sin lenye digrii. Anaandika sin(x), anaweka x kutoka 0 hadi 360 kama kitabu kinavyosema, na skrini inajaa rangi moja nzito, zulia tupu. Programu inahesabu kwa rediani, kipimo kingine cha pembe. Kwa rediani wimbi moja lina urefu wa karibu 6.28, kwa hiyo kati ya 0 na 360 kuna mawimbi 57, yote yamebanwa pamoja.

Kipimo chake: andika f(x) = sin(x), kisha f(30). Ikija 0.5 uko kwenye digrii. Ikija −0.99 uko kwenye rediani.

Kwenye GeoGebra weka alama ya digrii ndani: sin(x°). Alama hiyo hupatikana kwenye kibodi ya programu yenyewe, au kwa Alt na herufi o. Desmos ina swichi ya rediani na digrii chini ya spana. Gnuplot ni set angles degrees. Kwa Python badilisha kwanza kwa np.deg2rad(x), ambapo np ni NumPy, maktaba yake ya hesabu.

Ukisharekebisha, usishangae ukirudi dirisha la kawaida na kukuta mstari karibu bapa. Kati ya −10° na 10° sin inapanda kutoka −0.17 hadi 0.17 tu. Weka ZoomIn(0, -1.5, 360, 1.5), na usiguse ule uwiano wa 1:1.

Anayebaki kwenye rediani, kwa mfano wanafunzi wa kidato cha tano na sita, atafurahi zaidi akibadilisha hatua za mhimili wa x ziwe π/2. Kwenye GeoGebra ni kichupo cha mhimili wa x, sehemu ya umbali. Namba 1, 2, 3 chini ya grafu ya cos hazimsaidii mtu.

Dalili: mistari ya wima, mapengo na mawimbi ya uongo

Hii ndiyo sehemu ambayo hata waliobobea hudanganywa, na inawahusu zaidi watumiaji wa gnuplot na Matplotlib.

Hakuna programu inayochora fankisheni. Inachukua thamani kadhaa za x, inakokotoa y zake, inaunganisha nukta kwa vijistari. GeoGebra na Desmos huongeza nukta pale mchirizo unapopinda sana. Gnuplot, iliyozaliwa mwaka 1986, huchukua nukta 100 zilizoachana sawasawa (ndizo sampuli) usipoiambia vinginevyo. Kwenye Python, np.linspace(-10, 10) bila namba ya tatu hukupa 50 tu.

Kutokana na hilo hutoka dalili tatu zinazoonekana kama hazina uhusiano.

Ya kwanza ni tan(x) yenye mistari ya wima. Nukta moja iko kushoto kwa 90°, juu. Inayofuata iko kulia, chini. Programu inaziunganisha kwa uaminifu. Mwanafunzi anainakili mistari hiyo kwenye daftari akidhani ni sehemu ya grafu, na mtihani unamkata. Kuongeza nukta pekee hakuiondoi. Iambie programu iache thamani kubwa kwa kuzipa NaN, yaani "si namba". Kwenye gnuplot:

f(x) = abs(tan(x)) > 10 ? NaN : tan(x)
set samples 2000
plot f(x)

Kwa Matplotlib kazi hiyohiyo hufanywa na y[np.abs(y) > 10] = np.nan.

Ya pili ni nusu duara isiyogusa mhimili. Kwenye gnuplot andika plot sqrt(25 - x**2). Litatokea tao linaloelea hewani, miguu yake haifiki chini. Hesabu yake ni rahisi: nukta 100 kati ya −10 na 10 zimeachana kwa 20/99, karibu 0.202, na nukta ya mwisho kabla ya 5 inaangukia 4.95. Hapo urefu wa duara bado ni 0.71. Nukta inayofuata iko nje ya duara, hakuna cha kuchora. Ukiongeza sampuli pengo linapungua, lakini duara ni bora kuchorwa kwa njia yake: set parametric, set trange [0:2*pi], kisha plot 5*cos(t), 5*sin(t).

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuwaonyesha watu. Fungua gnuplot mpya, usibadilishe chochote, andika plot sin(31*x). Kati ya −10 na 10 kuna karibu mawimbi 99, kwa hiyo ungetarajia zulia. Utapata mchirizo mmoja mpole unaopanda taratibu kutoka −0.85 upande wa kushoto hadi 0.85 upande wa kulia. Wimbi kamili hakuna hata moja. Hatua ya sampuli ni karibu sawa kabisa na urefu wa wimbi, kwa hiyo kila nukta inalikuta wimbi karibu mahali palepale, na unachokiona ni kule kusogea kidogo kidogo. Mchoro ni safi, unapendeza, na ni uongo mtupu. Weka set samples 2000 uone ukweli.

Kwa hiyo mazoea yangu ni haya: grafu yoyote nitakayoitoa kwa wengine naichora mara mbili, ya pili kwa sampuli mara tano ya za kwanza. Zikifanana, nakubali. Zikitofautiana, ya kwanza ilikuwa inanidanganya.

Tundu ni suala jingine. (x^2 - 1)/(x - 1) ina pengo kwenye x = 1, na huwezi kuliona kwa kuongeza sampuli wala kuvuta karibu, kwa sababu tundu halina upana. Andika f(1) uone haina jibu, halafu chora kiduara kitupu kwa mkono wako kwenye (1, 2).

Dalili ndogondogo zinazokula muda

Umeandika a = (1, 2) kwenye GeoGebra ukitaka nukta, ukapata mshale. Herufi ndogo ni vekta, herufi kubwa ni nukta. Andika A.

Umeandika 2,5 na programu imekataa au imefanya kitu cha ajabu. Wanaosoma kwa mfumo wa Kifaransa, Kongo au Burundi kwa mfano, wamezoea mkato kwenye desimali. Programu hizi zote hutaka nukta, 2.5, na mkato kazi yake ni kutenganisha vitu viwili.

Kipeuo cha tatu kimekuwa mstari bapa kwenye gnuplot. Umeandika x**(1/3). Kwa gnuplot 1/3 ya namba nzima ni 0, na x kwa kipeo 0 ni 1. Andika 1.0/3. Hata hivyo upande wa x hasi utabaki mtupu, maana programu inahamia kwenye namba changamano; tumia sgn(x)*abs(x)**(1.0/3).

Logi haifanani na ya kitabu. Jaribu log(100). Ikija 2 ni ya msingi 10, ikija 4.61 ni logi asilia. Desmos ni ya kwanza, gnuplot na NumPy ni ya pili, nazo zina log10 kwa anayetaka ya msingi 10.

Gridi imekuwa miduara kama utando wa buibui. Mtu amechagua gridi ya polari. Irudishe ile ya miraba kwenye kichupo cha gridi.

Nukta haikubali kukaa kwenye 1.3, inaruka kwenda 1 au 1.5. Gridi ikiwa imeonyeshwa, GeoGebra huvutia nukta kwenye makutano yake. Zima uvutaji huo, au andika tu A = (1.3, 2) kwa kibodi.

Kwenye projekta na kwenye karatasi

Kilichokuwa kizuri kwenye kompyuta yako kitapotea ukutani. Projekta nyingi za shuleni taa zake zimechoka, madirisha hayana mapazia, na njano au kijani kibichi hufa kabisa mchana. Tumia buluu iliyokoza, nyekundu na nyeusi, nenepesha mistari, ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya jumla mpaka uone kama umezidisha. Desmos ina chaguo chini ya spana linalonenepesha mistari na kukuza maandishi kwa mbofyo mmoja. Gridi iwe hafifu. Gridi iliyokoza inashindana na grafu. Halafu nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa, usome namba za mhimili kutoka pale.

Karatasi ya mtihani ina shida nyingine: mashine ya kudurufu haijui rangi. Michirizo miwili, ya buluu na nyekundu, inatoka mieusi yote. Mmoja uache mzima, mwingine uwe wa vistari, wa tatu wa nukta nukta, na jina la kila mmoja liandikwe juu yake.

Kwa Matplotlib, picha ya kawaida ni inchi 6.4 kwa 4.8 kwa dpi 100 (nukta 100 kwa kila inchi), yaani pikseli 640 kwa 480, na hiyo ikikuzwa kwenye ukurasa wa A4 inachakaa. Hifadhi kwa plt.savefig('grafu.png', dpi=300, bbox_inches='tight'). Kipande hicho cha mwisho kinazuia maandishi ya pembeni kukatwa. Amri hiyo iwe kabla ya plt.show(), maana ukiiweka baada, unaweza kuhifadhi karatasi nyeupe. Alama ya kutoa ikitoka kama kisanduku, fonti uliyochagua haina alama hiyo, weka plt.rcParams['axes.unicode_minus'] = False.

Dalili: nimerekebisha, kesho imerudi

Kwenye maabara moja niliyofundisha kulikuwa na kompyuta iliyokuwa ikifungua GeoGebra bila mihimili, mandhari ya kijivu, desimali zimefungwa kwenye sifuri. Kila asubuhi nilirekebisha, kila kesho yake ilikuwa vilevile, mpaka wanafunzi wakaipa jina la jini. Kumbe mtu fulani, siku fulani, alibadilisha mambo kwa ajili ya somo la jiometri halafu akabofya kuhifadhi mipangilio. GeoGebra Classic ikishahifadhiwa hivyo hufungua hivyo daima.

Kwenye menyu ya chaguo, karibu na hiyo amri ya kuhifadhi, ipo ya kurudisha mipangilio ya awali. Ibofye, funga programu, fungua upya. Kama tatizo limo kwenye faili moja tu na mafaili mapya yako salama, basi mipangilio imehifadhiwa ndani ya faili hilo: fungua faili jipya, nakili milinganyo, achana na la zamani. Na kwenye kompyuta za kuchangia, dirisha la somo lako liandike kama amri ya ZoomIn juu ya daftari la somo, uibandike kila unapoanza. Mimi ya sensa nimeiandika kwa chaki kwenye kona ya ubao, na mfagizi ameshazoea kutoifuta.